Diploma au cheti? Swali la wazazi wa Lubumbashi

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali yakitoka, vijana wa Lubumbashi hupakwa poda nyeupe na mtaa mzima hushangilia. Kesho yake swali linaingia nyumbani: mtoto anayependa kompyuta asomee wapi? Baba anataka chuo kikuu. Mjomba anasema miaka ni mingi, afanye mitihani ya vyeti vya kimataifa, apate kazi upesi katika migodi, benki au kampuni za simu.

Wapendwa, hesabu ya zamani imebadilika. Lisansi ilidai miaka 5: graduat miaka 3, kisha miaka 2 tena. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, Serikali imeagiza vyuo vifuate mfumo wa LMD, ambamo lisansi ni miaka 3. Hapa mjini, informatika inafundishwa UNILU na pia ESIS Salama ya Wasalesiani.

Cheti nacho kina gharama yake. Mtihani wa CCNA wa Cisco, unaohusu mitandao ya kompyuta, hulipiwa karibu dola 300 na hufanywa kwa Kiingereza, huku watoto wetu wakiwa wamesoma kwa Kifaransa. Anayeshindwa hulipa upya. Anayefaulu hukaa nacho miaka 3, kisha lazima akihuishe. Diploma haina mwisho, na kazi za Serikali hupangwa ngazi kwa kuifuata. Lakini mwajiri akitaka mtu wa kutengeneza mtandao leo, cheti humwambia mengi kuliko karatasi ya chuo peke yake.

Kwa ndugu zetu wa Goma na Bukavu, miji iliyotekwa mwanzoni mwa 2025, jambo hili lina uzito zaidi. Vita vinaweza kukata mwaka wa masomo na kumhamisha mwanafunzi. Kwake, masomo mafupi ya intaneti, mengine ya bure, ni njia ya kutopoteza wakati akingoja kurudi darasani.

Mtume Paulo alisoma miguuni pa Gamalieli, tena alijua kushona hema. Huko Korintho, kazi ya mikono ndiyo iliyomlisha, wala elimu yake haikupotea. Basi familia yenye uwezo ianze na lisansi, ikihakikisha kwanza kwamba chuo kinatambuliwa na Serikali. Kijana ajifunze Kiingereza tangu mwaka wa kwanza, na mtihani wa cheti aufanye karibu na kumaliza, ili miaka yake 3 isiishie darasani. Asiye na uwezo aanze na masomo ya bure, atafute kazi ndogo, aweke akiba ya chuo.

Na parokia? Dola 300 ni mzigo kwa mzazi mmoja, lakini si kwa kanisa zima. Chumba kimoja chenye kompyuta chache, umeme na mwalimu wa Kiingereza kinaweza kuwa sadaka yetu kwa vijana hawa.