Kwanza makohozi, kisha dawa

Mu machimbo ya Misisi, mchimbaji akikohoa anapita ku farmasi, ananunua vidonge vya amoxi, anarudi mu shimo. Kikohozi kikipungua siku mbili, anasema amepona. Lakini bado hajajua ni kijidudu gani kinamla.

Vijidudu vya kifua haviko vya aina moja. Kile cha nimonia mara nyingi kinasikia amoxi. Kile cha kifua kikuu, alichotangaza Robert Koch mwaka 1882, hakisikii. Kinataka dawa zake, kwa kawaida miezi 6. Na vumbi ya mawe inaharibu mapafu, inakifungulia mlango. Tena vumbi yenyewe inakohoza: bila kupima, nani atatofautisha?

Kupima si uchawi. Fundi wa labo anapaka makohozi rangi, vijiti vyekundu vinaonekana mu mikroskopi. Mashine ya GeneXpert inajibu mu saa 2 hivi, na inaonyesha pia kama kijidudu kinaishinda rifampisini. Ni makohozi toka ndani ya kifua, si mate.

Mama na watoto wanalala nyumba moja na anayekohoa. Mu mpango wa taifa, dawa za kifua kikuu ni za bure. Pikipiki ya kwenda Baraka si ya bure. Basi tunaomba viongozi wa Fizi na koperative za wachimbaji: kikopo kisafiri, si mgonjwa. Na wewe uliyepitisha wiki 2 ukikohoa, ukifika kituo cha afya, usianze na kuomba vidonge. Omba kikopo.