Nakala ya Mume

Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya senema moja ya kuchekesha, iitwayo Multiplicity, iliyotolewa Marekani mwezi wa Julai 1996. Kicheko chake kimebeba swali ambalo kila mwenye mke na watoto yampasa ajiulize.

Hadithi yenyewe ni hii. Doug Kinney, msimamizi wa kazi za ujenzi, amezongwa na kazi hata hana wakati wa mkewe Laura wala wanawe. Mtaalamu mmoja akamfanyia nakala: mtu mzima, sawa naye kwa sura na kumbukumbu. Huyo akapewa kazi ya ujenzi. Kisha ikafanywa nakala ya pili, ishughulike na mambo ya nyumbani. Nakala hizo nazo zikajitolea nakala yao, ikatoka punguani. Sisi tusomeshao watoto hatukustaajabu: mtoto anakiliye ubao wa mwenziwe, na mwenziwe kanakili kwa mwingine, hupoteza herufi njiani.

Elimu ya kweli haiwezi hayo. Kondoo Dolly, aliyezaliwa Uskoti tarehe 5 Julai 1996, alitokana na chembe ya kondoo mzima. Lakini naye alizaliwa mchanga, akakua kama kondoo wengine. Basi lau mtu angenakiliwa hivyo, angepatikana mtoto mchanga mwenye kuhitaji baba, wala si kibarua wa kumpunguzia baba kazi.

Na Doug alipata faida gani? Nafasi aliyoipata aliitumia katika starehe zake. Aliwakataza wale wenziwe wasimkaribie mkewe. Wakalivunja katazo hilo, na bibi wa watu hakujua aliye mbele yake. Mwishowe Laura akaondoka na watoto. Hakurejea ila baada ya mumewe kuitengeneza nyumba aliyokuwa akimwahidi siku nyingi.

Huku kwetu hapana mwenye nakala, lakini baba waliotuma badala yao ni wengi: huyu katuma fedha, yule kamwachia mtoto simu imliwaze. Fedha ni wajibu, hatukatai. Lakini mtoto hulala akimngoja baba, na asubuhi huambiwa kwamba amekwisha toka.

Ewe baba msomaji, leo usiku rudi mapema. Mwulize mwanao amesoma nini, kisha umsikilize mpaka amalize.