Jeevanjee si kiwanja kitupu

Mfanyabiashara aliyetoka Kampala au Arusha kufuata bidhaa Nairobi, akimaliza Kamukunji mapema na basi lake ni la usiku, hana mahali pengi pa kukaa bila kununua kitu. Mojawapo ni Bustani ya Jeevanjee, kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu. Benchi halina bei. Wahubiri wana zamu yao na wanasiasa wa vijiweni wana yao, na juu ya wote mwewe wanazunguka wakivizia chakula. Kunguru wenye kola nyeupe hugombea mabaki ya chapati. Jioni kwarara hupita wakipiga kelele utadhani wamefiwa.

Kwa hesabu za dukani, ardhi kama hiyo katikati ya jiji ni mtaji uliolala. Ni rahisi kuwaza kwamba hapo pangepanda ghorofa la maduka.

Lakini aliyeitoa alikuwa mfanyabiashara, tena si mdogo. Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, aliipatia reli ya Uganda vibarua na chakula chao. Mwaka 1902 alianzisha Mombasa gazeti la African Standard, ambalo leo ni The Standard. Bei ya kiwanja aliijua vizuri. Hata hivyo, mwaka 1906 aliwapa wakazi wa Nairobi bustani hiyo, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria. (Sanamu ilivunjwa kichwa mwaka 2015, mwewe hawakuhama.) Na huyo ni mtu ambaye ukoloni ulimnyima, kwa Uhindi wake, haki ya kupata shamba katika nyanda za juu.

Mwaka 1991 watawala wa jiji walitaka kuigeuza bustani kuwa maegesho ya ghorofa. Mjukuu wake, Zarina Patel, alikataa, na Wangari Maathai, aliyekuwa ameitetea Uhuru Park mwaka 1989, akasimama naye. Mradi ukafa.

Tingatinga huonekana, kwa hiyo hupingwa. Kinachomaliza bustani za mijini ni kidogo kidogo: kibanda hapa, uzio pale, saruji juu ya nyasi, mti unaokatwa Jumapili. Mti ukiondoka, kiota nacho kimekwenda.

Vikao vya wafanyabiashara wa mipakani, Busia hadi Namanga, huzungumzia forodha, mizani na vizuizi vya barabarani. Ni sawa. Lakini safari haiishii mpakani. Mama mwenye marobota mawili anahitaji pia kivuli, choo safi na saa tatu za kupumzika bila kufukuzwa. Mambo hayo nayo yanastahili kuandikwa kwenye madai yanayopelekwa kwa serikali za miji. Asiyepiga kura Nairobi anaacha fedha zake Nairobi kila mwezi, na ana haki ya kuuliza mti gani unakatwa Jeevanjee, na kwa idhini ya nani.