Tahariri: Barabara ya Nani Itangulie?



Kila masika yanapoingia, taarifa zinazotufikia kutoka vigango vya mbali hufanana. Kalavati limezolewa na maji. Gari la wagonjwa limeishia ng'ambo ya mto, na mama mjamzito amebebwa kwa machela hadi upande wa pili. Wakati mwingine amejifungua njiani. Mahindi yameharibika kwa kukosa lori, na mlanguzi aliyefika kwa pikipiki ameyanunua kwa bei aliyojipangia mwenyewe. Tumezoea kuyaita mambo haya majaliwa ya Mungu, au matokeo ya umaskini wa nchi. Ni kweli kwamba mvua ni ya Mungu, na ni kweli kwamba fedha ni haba. Lakini uamuzi kwamba kalavati lile lisubiri mwaka mwingine, na barabara nyingine itangulie, haukushuka kutoka mbinguni. Ulifanywa na binadamu waliokaa ukumbini, wakiwa na karatasi mezani. Katika tahariri hii twataka kuitazama meza hiyo.

Kila mkoa wa Tanzania Bara una Bodi ya Barabara. Mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, na katibu wake ni Meneja wa Wakala wa Barabara, TANROADS, katika mkoa huo. Huketi humo pia wabunge, wakuu wa wilaya, viongozi wa halmashauri na wahandisi. Bodi hupokea taarifa za kazi zilizofanyika, huyapitia mapendekezo ya bajeti ya mwaka unaokuja, na huyajadili maombi ya kupandisha hadhi barabara kabla hayajapelekwa kwa Waziri. Jambo hili la mwisho si dogo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imezitenganisha barabara kuu na za mkoa, ambazo hutunzwa na TANROADS, na barabara za wilaya, yaani za mkusanyo, za mlisho na za jamii, ambazo tangu mwaka 2017 ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Barabara inayopandishwa hadhi kutoka wilaya hadi mkoa hubadili mtunzaji wake, na pamoja naye hubadili fungu la fedha litakaloihudumia.

Fedha hizo zatoka wapi? Mfuko wa Barabara, ulioanzishwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 1998, hupata sehemu kubwa ya mapato yake katika tozo ya mafuta. Mtu asidhani basi kwamba ni wenye magari tu wanaolipa. Bibi ambaye hajapata kumiliki hata baiskeli huilipa tozo hiyo katika nauli ya basi, katika pikipiki inayompeleka zahanati, katika dizeli ya mashine inayomsagia unga, na katika bei ya chumvi iliyoletwa na lori. Mwaka 2021 tozo iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, ikaelezwa kwamba nyongeza hiyo ni kwa ajili ya barabara za TARURA. Hakika ilihitajika. Mtandao wa TARURA ni zaidi ya kilometa 140,000, na ule wa TANROADS ni kama kilometa 36,000. Hata hivyo kwa miaka mingi mgawo wa Mfuko ulikuwa kama asilimia 70 kwa barabara kuu na za mkoa, na asilimia 30 kwa barabara za wilaya.

Haki inatutaka tuseme pia upande wa pili. Barabara kuu hubeba magari mengi na mazito, na kilometa moja ya lami hutumia fedha nyingi kuliko kilometa ya udongo. Kwa hiyo hatudai kwamba kila kilometa ipate sawa na nyingine. Tunalosema ni kwamba kila mgawo una sababu zake, na anayelipa ana haki ya kuzijua sababu hizo.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Bodi isiyojifunga kwa kipimo kinachojulikana hutawaliwa na sauti za wenye nguvu. Wahandisi huingia kikaoni na orodha yao: matengenezo ya kawaida, matengenezo ya sehemu korofi, matengenezo ya muda maalumu, madaraja na makalavati. Kisha hoja nyingine huanza. Huyu uchaguzi umemkaribia. Kule kiongozi wa kitaifa anatarajiwa kupita. Upande fulani kuna mfanyabiashara mwenye marafiki wengi. Kikao kinapofungwa, orodha huwa na sura nyingine, na aliyeko kijijini hapati kuambiwa ni kwa nini. Yawezekana kabisa kwamba hakuna aliyeiba hata senti moja, na hata hivyo haki imepotoshwa. Tumezoea kuitafuta rushwa ndani ya bahasha tu. Yafaa tuitafute pia katika mpangilio wa orodha.

Hatuwalaumu wabunge kwa kuwasemea watu wao, maana ndiyo kazi waliyotumwa. Lakini mkutano ambamo kila mmoja avutia kwake hauwi mkutano wa manufaa ya wote kwa sababu tu wameketi pamoja. Kata isiyo na msemaji hodari hubaki nyuma mwaka baada ya mwaka, na kadiri inavyobaki nyuma ndivyo wahandisi na viongozi wanavyozidi kushindwa kuifikia na kuiona kwa macho yao.

Wengine hudhani dawa ni kugawa sawa kwa sawa. Mwaka 2021 Serikali ilitoa shilingi milioni 500 kwa kila jimbo kwa ajili ya barabara za TARURA. Utaratibu huo ulikuwa na wema wake: uliondoa upendeleo, na kila mwananchi aliweza kujua jimbo lake limepata nini. Lakini jimbo dogo la mjini na jimbo pana la milimani, lenye mito mingi na mtandao mrefu wa barabara za udongo, hayana mzigo mmoja. Usawa waweza kuwa mwanzo wa haki, lakini haki haiishii hapo. Baba mwenye watoto wawili, mmoja mzima na mwingine mgonjwa, hawagawii dawa nusu kwa nusu.

Liko jaribu jingine, nalo ni la kupenda kipya na kudharau kilichopo. Sheria ya Mfuko iliona mbali ilipoagiza kwamba angalau asilimia 90 ya fedha zake ziende katika matengenezo na dharura, na zisizidi asilimia 10 zitakazotumika kujenga. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila fundi wa barabara anajua kwamba mtaro usiozibuliwa mwaka huu utakula tuta zima mwakani. Lakini hakuna anayealikwa kukata utepe kwa ajili ya mtaro uliozibuliwa, wala jiwe la msingi haliwekwi penye kalavati lililosafishwa. Hivyo viongozi huvutwa na ahadi ya lami mpya, na sisi wananchi huwapigia makofi.

Dharura nazo zina nafasi yake. Mwezi Mei 2024, wakati wa mvua kubwa na Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika, na hakuna mwenye akili timamu angesema mafundi wasubiri bajeti ya mwaka unaofuata. Lakini kila dharura huchota katika chungu kilekile. Bodi inapoipitisha yapaswa iseme waziwazi ni kazi ipi imesogezwa mbele na itarudi lini, ili dharura ya leo isiwe kaburi la ahadi ya jana.

Tatizo hili si letu peke yetu. Marekani, nchi yenye fedha nyingi, barabara kuu za katikati ya karne iliyopita zilipitishwa katika mitaa ya maskini ya miji mingi, hasa ya Wamarekani weusi, kwa kuwa hao hawakuwa na sauti mezani. Sheria yao ya mwaka 1962 iliagiza kwamba katika miji yenye watu zaidi ya 50,000 mipango ya barabara ifanywe kwa ushirikiano wa majimbo na serikali za mitaa. Ile ya mwaka 1991 ikaongeza kwamba orodha ya miradi isizidi fedha zinazoweza kutarajiwa, na kwamba wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni kabla haijapitishwa. Hatuwaigi katika kila jambo, wala wao hawajaimaliza dhuluma. Lakini orodha isiyozidi fedha ni somo jema. Orodha yenye kila kitu haimnyimi mtu ahadi, na kwa sababu hiyohiyo haimhakikishii mtu chochote.

Nasi waamini tunalo somo la zamani zaidi. Katika sura ya 6 ya Matendo ya Mitume, Kanisa changa lilikumbwa na manung'uniko: wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaita wanung'unikaji waasi, wala hawakuwaambia wasubiri kwa uvumilivu. Waliita mkutano wa wote, wakaeleza sifa za watu watakaokabidhiwa kazi hiyo, na mkutano ukawachagua saba. Majina ya wote saba ni ya Kigiriki. Kwa maneno mengine, usimamizi wa mgawo ulikabidhiwa kwa watu walio karibu na wale waliosahauliwa. Tangu mwanzo basi namna ya kugawa ilikuwa jambo la imani, nasi hatuwezi kuwaachia wataalamu peke yao.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii yamelifafanua hilo. Papa Pius XI, katika waraka wake wa mwaka 1931, alieleza kanuni ya auni, kwamba chombo cha juu kisikinyang'anye chombo cha chini kazi ambayo hicho cha chini chaweza kuifanya. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wa mwaka 1987, alikazia upendeleo kwa maskini. Tukizitumia kanuni hizi katika barabara, tutaona kwamba anayekijua kivuko kibaya kuliko wote ni mwanakijiji anayekivuka. Sheria inautambua Mkutano Mkuu wa Kijiji, wa watu wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, nao wapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Ilipoundwa TARURA, madiwani wengi walilalamika kwamba barabara zimeondolewa mikononi mwao. Utaalamu wa wakala twauhitaji, lakini njia ya kutoka mkutano wa kijiji hadi meza ya Bodi isiote majani.

Kwa sababu hiyo twaziomba Bodi za Barabara za mikoa mambo matatu. Kwanza, kipimo kitangazwe: ni watu wangapi wanaitegemea barabara hiyo, je, inafika zahanati, shule au soko, je, hupitika mwaka mzima, je, iko njia nyingine? Pili, orodha iliyopitishwa, pamoja na fedha zake, ibandikwe katika ofisi za kata na vijiji, kwa Kiswahili ambacho mwananchi atakielewa. Tatu, mradi wowote unaoruka foleni uandikiwe sababu yake na jina la chombo kilichoamua. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji nia njema.

Kabla hatujawanyooshea wengine kidole, tujihoji wenyewe. Mara ngapi parokia zetu zimeandika barua kwa wakubwa kuomba njia ya misioni ichongwe kabla ya jubilei au ziara ya Askofu? Greda lilipofika tuliimba kwa furaha. Je, tuliuliza lilikuwa limepangiwa kwenda wapi siku ile? Kama lilitolewa katika njia ya zahanati, basi na sisi tuliruka foleni, tukawatangulia wagonjwa. Kanisa haliwezi kudai kipimo cha haki kwa wengine na kujiombea upendeleo kwa mlango wa nyuma.

Twaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zilitafakari suala hili katika majuma yanayokuja. Someni pamoja sura ile ya 6 ya Matendo. Kisha mwandike ni sehemu zipi korofi katika kijiji chenu, ni kina nani huumia hapo, na katika miezi ipi. Pelekeni maandishi hayo katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaingizwe katika kumbukumbu za kikao, na mumkabidhi diwani nakala. Muulizeni kwa adabu yamefika wapi. Asipokuwa na jibu, muulizeni tena. Na ikiwa kijiji jirani kina shida kubwa kuliko yenu, muwe na ujasiri wa kusema kwamba wao watangulie.