Wimbo Usiosikika Maneno, Je, Ni Wimbo?

Muhula huu kumekuwa na ubishi mkubwa mabwenini. Baadhi ya wakubwa wa chama chetu cha muziki wanataka iwekwe sheria kwamba Jumamosi usiku usipigwe wimbo wowote ambao maneno yake hayasikiki vizuri. Kisa chenyewe ni albamu iitwayo Loveless, ya kundi la My Bloody Valentine. Wao husema ni kelele za mashine ya kusaga unga. Mimi naipinga sheria hiyo, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, tuwajue wenyewe. Kundi hili lilianza Dublin, Ayalandi, mwaka 1983. Albamu hiyo yenye nyimbo 11 ilitolewa Novemba 1991 na kampuni ya Creation ya London. Kazi ya kuitengeneza ilianza 1989, ikachukua zaidi ya miaka miwili, wakihama studio moja hadi nyingine mpaka zikafika karibu 19. Mtu atakaye kelele tu hana haja ya miaka miwili. Debe tupu na fimbo vyamtosha.

Pili, tutazame jinsi sauti ile ipatikanavyo. Wengi hudhani ni magitaa mengi mno yaliyorundikwa pamoja. Sivyo. Kiongozi wao, Kevin Shields, hushika kile kijiti cha chuma cha gitaa la umeme, kinacholegeza na kukaza nyuzi, na huku mkono huo huo unapiga. Kwa hiyo sauti haitulii mahali pamoja, bali huinama na kuinuka kama nyasi penye upepo. Mara nyingi ni gitaa moja au mawili tu. Kijiti hicho kilikuwapo kwenye magitaa miaka mingi kabla yake. Jipya ni namna ya kukishika.

Tatu, maneno. Ni kweli kwamba sauti za Shields na Bilinda Butcher zimezama chini ya magitaa, lakini zimezamishwa kwa kusudi. Butcher amepata kueleza kwamba mara nyingi aliamshwa usingizini asubuhi mapema ili aimbe. Ndiyo maana sauti yake ni laini kama ya mtu ambaye bado anaota. Hapo sauti ya binadamu imefanywa chombo, sawa na gitaa na ngoma. Na chini ya uvumi wote huo umo wimbo mtamu wa kawaida. Anayebisha na asikilize "When You Sleep" mara tatu, kisha ajizuie kuupiga mluzi akienda kuoga. Hataweza.

Wenzangu hujibu, "Wimbo ni ujumbe, na pasipo maneno hapana ujumbe." Nami nawauliza: mama akimbembeleza mtoto mchanga, mtoto yule anajua maneno gani? Mbona hulala? Na bendi ya tarumbeta ikipita njiani, ni nani husimama kuidai maneno?

Jambo moja nakubaliana nao: ukubwa wa sauti. Kundi hili hupiga kwa nguvu kupita kiasi, hata katika maonyesho yao ya mwaka 2008 wasikilizaji waligawiwa vizibo vya masikio. Basi na iwekwe sheria ya kupunguza sauti, wadogo wapate kulala. Hiyo ni haki. Lakini si haki wachache kutuchagulia yale tutakayoyasikia.

Tena sheria hii ikipita haitaishia kwa Loveless. Itamgusa pia kijana wa kidato cha pili akaaye nyuma ya jiko na gitaa lake bovu, akitafuta sauti ambayo hajaisikia kwa mtu mwingine. Tukimwambia leo kwamba lisiloeleweka mara moja halifai, kesho hatajaribu tena, si muziki tu, hata hesabu.

Nanyi wanafunzi wa zamani mnaosoma gazeti hili, tuandikieni. Muziki wenu uliitwaje na wakubwa wa siku zenu?

Kura itapigwa kabla ya kufunga shule. Ombi langu ni moja: kila atakayeinua mkono, kwanza aisikilize albamu nzima pasipo kuongea. Hazifiki dakika 50. Baada ya hapo apige kura apendavyo.