Chema Kilichofungiwa Kabatini

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini, ndugu msomaji, chema kilichofungiwa kabatini kitajiuzaje?

Wengi wetu tukisikia habari za tuzo za filamu hudhani ni mambo ya mavazi ya fahari na makofi tu. Basi na tukitazame Chama cha Wahakiki wa Filamu cha Los Angeles, kilichoundwa mwaka 1975, ambacho kila mwisho wa mwaka huchagua filamu iliyo bora.

Mwaka 1985 mwongozaji Terry Gilliam alikuwa amekamilisha filamu iitwayo Brazil. Jina lisikupoteze: habari yake si ya nchi hiyo, bali ya dola ya kubuni inayotawaliwa na makaratasi. Mdudu anaangukia mashine ya chapa ofisini, herufi moja ya jina inabadilika, na mtu asiye na hatia anakamatwa nyumbani kwake mbele ya mke na watoto. Mwisho wa filamu ni wa majonzi.

Kampuni ya Universal, iliyokuwa na haki ya kuionyesha Marekani, ilitaka ifupishwe na imalizike kwa furaha. Gilliam alikataa. Filamu ikawekwa kando, ingawa Ulaya ilikwisha kuonyeshwa. Ndipo akalipia ukurasa mzima katika gazeti la Variety, akamwuliza mkuu wa kampuni, Sid Sheinberg, ni lini angeiachia filamu yake. Tena akawaonyesha wahakiki kwa faragha.

Desemba ya mwaka huo wahakiki wa Los Angeles waliipa Brazil tuzo tatu: ya filamu bora, ya uongozaji na ya uandishi, ilhali ilikuwa bado haijafika katika majumba ya sinema ya Marekani. Kabla ya mwezi kwisha, kampuni ikaiachia.

Oscar ya filamu bora ya mwaka ule ilikwenda kwa Out of Africa, iliyopigwa Kenya, nayo ilikuwa ya Universal hiyo hiyo. Brazil haikuambulia Oscar hata moja.

Hata hivyo, watazamaji walipata nafasi ya kuamua wenyewe. Mwenye fedha ana haki ya kuhesabu fedha zake. Lakini fundi naye ana haki kazi yake ionekane kabla haijakatwakatwa. Wahakiki wale hawakuwa na mali wala amri. Walikuwa na kura na kalamu, wakavitumia kumsemea fundi.