Setilaiti Ndogo Isikike Ikoma

Tarehe 11 Mei 2018 kijisanduku chenye sentimita 10 kila upande kilitolewa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Kilikuwa 1KUNS-PF, setilaiti ya kwanza ya Kenya, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Umbo hilo lilibuniwa Marekani mwaka 1999 na Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, ili wanafunzi wapate kazi wanayoweza kuimaliza kabla ya kuhitimu. Mwaka 2022 ilifuata PearlAfricaSat-1, iliyoundwa na Waganda watatu waliokuwa wakisoma Japani.

Watetezi wa vyombo hivi huahidi mengi, hata ulinzi wa wanyamapori. Mkulima wa Ikoma, ambaye shamba lake li jirani na Hifadhi ya Serengeti na tembo humlia mtama, ana haki ya kuwatilia shaka. Kamera inayotoshea katika kijisanduku hicho haiwezi kumtambua tembo mmoja kutoka kilomita 400. Ahadi kama hiyo heri isitolewe.

Faida halisi ni elimu, nayo mara nyingi hukomea maabara ya chuo. Si lazima iwe hivyo. Katika kimo hicho setilaiti huizunguka dunia kwa dakika 92 hivi, na kila ipitapo husikika kwa dakika kama 10. Ikitangaza kwa megahezi 437, urefu wa wimbi ni takriban sentimita 69. Antena ya nyaya mbili, kila moja sentimita 17, yatosha kuanzia. Chombo kinapokaribia, masafa yake hupanda. Kinapokwenda zake, hushuka, kwa karibu kilohezi 10 kila upande. Kwa kipimo hicho mwanafunzi wa kidato cha nne aweza kukadiria mwendo wake, unaokaribia kilomita 7.7 kwa sekunde, bila kuambiwa na kitabu.

Basi chuo chochote cha Tanzania kitakachoomba fedha za setilaiti kitenge sehemu yake kwa redio za kupokelea mashuleni, Ikoma ikiwemo. Mwaka 1970 setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi. Chombo na roketi vilikuwa vya Wamarekani, warushaji Waitaliano; la Kiswahili lilikuwa jina tu. Setilaiti itakayojengwa Dar es Salaam na kusikilizwa Dar es Salaam peke yake haitakuwa mbali sana na hiyo. Na redio hizo hazidai umeme mwingi: betri ya gari yaweza kuziendesha.